Nyonyo Bila Kuchemsha

Mjomba,

Injini yako imewaka. Natanguliza hilo kabla ya salamu, maana ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike hapa Kitaya nilikuwa nimeifunga kitambaani, injini ya ndege yako ya mfano, ndogo inayoenea kiganjani. Sikuthubutu kuigusa. Kabatini uliacha methanoli, lakini oili ya kuchanganya nayo ilikuwa imekwisha, na hukuandika popote ni ipi. Nikikosea, pistoni inakwama, silinda inachubuka, na nyingine hakuna. Pacha yake uliiua mwenyewe kwa mafuta ya maganda ya korosho, yakaganda ndani kama gundi. Ukacheka: "Nimekaanga injini badala ya korosho!"

Nikapanga chupa za methanoli dirishani, kila moja nikaitia oili yake. Oili ya pikipiki ikazama chini ya methanoli, ikakaa peke yake kama mgeni aliyenuniwa. Mafuta ya nazi nayo yakajitenga. Ya nyonyo, yale ambayo Bibi huwapaka wajukuu kichwani, yakayeyuka yote. Niliinua chupa juani nikatafuta mpaka, sikuuona. Mafuta mazito kama asali yamo humo na hayaonekani. Mjomba, nilisahau hata chai yangu.

Lakini injini ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Ndipo nikakumbuka kwamba Bibi huchemsha nyonyo kwa maji, na maji hubaki kwenye mafuta. Nikamwomba anikamulie bila moto.

"Bila kuchemsha? Shule imekuharibu wewe," akasema. Kisha akashusha kinu, akakishika mdomo. "Mwanangu naye alikuwa anataka hivyohivyo."

Jibu lilikuwa kwake siku zote. Mimi nilikuwa nikipekua kabati.

Alitwanga, akakamua kwa kitambaa, nikachuja mara tatu. Injini ikashika mara moja. Ikaimba. Nikasahau kutazama tangi, mafuta yakapungua, ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, moto mtupu, nami nimesimama tu. Ikazima. Ilipopoa nilisukuma pangaboi kwa kidole. Likazunguka, laini.

Niliifungua. Juu ya pistoni kulikuwa na utando wa rangi ya chai. Wembamba wake... ukucha ni mlima mbele yake. Chuma na chuma vilikimbizana mle ndani, vikatenganishwa na mbegu ya uani kwetu. Nimesoma haya darasani, Mjomba. Sikuwa nimeyaamini.

Ulizoea kuniita injinia wa madaftari. Basi nimeandika daftarini: nyonyo, bila kuchemsha, sehemu moja kwa nne za methanoli. Jibu halitapotea tena.

Ijumaa nitairusha ndege yako juu ya mashamba, upande wa mto. Bibi ameomba nimjulishe kabla sijaiwasha, maana akiusikia mlio ule ghafla atatoka nje kukuita uje kula.

Lala, Mjomba. Nakuahidi nitamjulisha.

Mpwa wako