Barua ya Posa ya Farid

Majengo, Pumwani
3 Februari 2024

Kwa mjukuu wangu Hikma,

Assalamu alaykum. U mzima huko Kisumu? Sisi wazima, ni magoti tu yananisumbua.

Riwaya yako ya mapenzi ya zamani tumeipata. Sabrin, yule jirani, anatusomea kibarazani baada ya alasiri, wasichana wa mtaa wanajaa hapo. Wote wanamlaani Farid: ampende Lela, kisha atoroke bila kuposa! Na dada yangu Lela, aliyemtetea miaka hamsini na tano, jana kasema, "Kumbe alikuwa mhuni tu."

Wewe, nani alikutuma uandike majina ya watu? Nilikupa hadithi, sikukupa ruhusa.

Farid aliposa. Baba alikuwa msikitini, wazee wa Farid wakanikabidhi mimi barua. Mkubwa nilikuwa mimi, na sijaposwa. Nikaiwashia jiko. Kimya chetu wakakihesabu jibu la kukataa. Kaoa kwingine, na kafa huko huko.

Ufute ukurasa ule wa kutoroka kwake. Lela asijue.

Bibi yako, Aqsa

Kisumu
15 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa.

Kitabu kinachapishwa tena mwezi ujao. Nitamsafisha Farid, na sababu nitaiandika. Lakini bibi mdogo Lela asiisikie kwa Sabrin, mbele ya wasichana. Mwambie wewe kwanza. Ukishindwa nitakuja mwenyewe. Nami nina kosa: niliandika maisha yake bila kumuuliza neno.

Mjukuu wako, Hikma

Majengo
2 Machi 2024

Hikma,

Marahaba. Magoti niachie mwenyewe.

Unanitisha mimi, niliyekuogesha? Haya, nimemwambia. Nilidhani atapiga kelele mtaa ujae. Wapi! Akaendelea kuchambua mchele. Akauliza, "Siku gani?" Nikasema Ijumaa. Akasema, "Asubuhi yake nilikusuka nywele, ili nawe upate wa kukuposa."

Nikalia mimi, mtu mzima ovyo.

Leo siku ya sita. Chai ananimiminia, salamu hanipi. Jana kamwambia Sabrin aanze kitabu upya. Wasichana walipoanza kumlaani Farid, Lela alinigeukia. Akanitazama, akangoja.

Sikusema. Ulimi wangu huu unaoujua, ulikufa.

Kiharakishe hicho kitabu, mwanangu. Na jina langu usilifiche.

Bibi yako, Aqsa