Nimemripoti Mkwe Wangu kwa Kidole Changu

Mshauri mpendwa, mwanangu, naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba jina langu usilitaje redioni. Mimi sikusoma, haya nasema kwa mdomo na anayeandika ni mama wa duka la fotokopi, nimemwapisha asitoe siri, ingawa namwona anatabasamu. Andika tu, mama, na hilo la kutabasamu liandike.

Nakaa kwa binti yangu wa pili, yule mwenye mwanya, na mume wake, ambaye mtu akiniuliza kazi yake nakohoa kwanza. Wakwe wa wenzangu ni madereva, mmoja anachomelea mageti, kazi unaiona. Wangu anafuga mashine. Iko stoo, inanguruma kutwa kucha kama paka aliyeshiba, ina vitaa vya kijani vinavyokonyeza, tena ina feni, mshauri, mashine ina feni na mimi chumbani sina. Anasema hiyo ndiyo posta yake, watu barua zao za kwenye simu na kompyuta zinapita humo badala ya kupita kwa yale makampuni makubwa, kuna zahanati, kuna shule, kuna wakili, na sisi kikundi cha kufuma masweta ya shule, kila Jumatatu anatutumia orodha nani afume rangi gani. Nikamuuliza, kwani kwa wakubwa kuna nini? Akasema, "Mama, wale wanachungulia barua za watu." Moyoni nikasema, haya, na wewe nani anakuchungulia? Fisi anawafukuza wenzake buchani halafu ufunguo kauweka mfukoni.

Basi nikamwandikia, kwa posta hiyohiyo ya stoo, mdogo wangu anayekaa mbali, yule niliyembeba mgongoni mpaka nikapata kibyongo, nikamwambia nataka kuhama, joto limenishinda na mkwe simwelewi, mwanaume mzima anaongea na sanduku. Siku ya pili tu, tunakunywa chai, mkwe kainamisha kichwa kwa adabu zake zile zinazonitia wasiwasi, ananiambia, "Mama, kama chumba kina joto tutatoboa dirisha lingine, usihame." Nikaweka kikombe chini. Nani kamwambia, kama si sanduku?

Wiki ileile nikakusikia wewe mwenyewe, mshauri, unasema barua ukiishuku usiifungue, iripoti. Nikasema hapahapa. Kusoma sijui lakini ile alama ya kuripoti naijua, kijiti kimesimama juu ya nukta, nikaibonyeza kwenye orodha ya mkwe, simu ikaniuliza kitu, nikakubali. Halafu, Mungu anisamehe, Jumamosi kwenye kufuma nikawafundisha wenzangu wote thelathini na mmoja. "Bonyeza kijiti, huyu anatusoma!" Mmoja akasema, "Si mkweo huyo?" Nikamjibu, "Ndiyo maana namjua."

Wiki tatu, mwanangu. Sasa barua ikitoka stoo kwenda kwa watu wanaotumia wale wakubwa, wakubwa wanaitupa kwenye taka, au wanaifukuza mlangoni. Zahanati imeondoka, majibu ya mgonjwa hayakufika. Shule nayo imeaga. Mkwe hali chakula, anawaandikia wakubwa kuwasihi, anasema upande wa pili hakuna mtu, anajibiwa na mashine. Juzi akaniambia, "Mama, kuna mtu ananishtaki na simjui." Nilimeza mkate bila kutafuna. Ameshapata kazi ya mbali, ya kulinda mashine za wenyewe, mwisho wa mwezi anazima yake anaondoka, na binti yangu ana mimba ya miezi saba, analia akidhani sisikii. Nikisema, nitakuwa mimi niliyeibomoa nyumba ya mwanangu. Nikinyamaza, inabomoka vilevile. Na nikikwambia kweli, mshauri, bado namshuku. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, bibi. Nimeshakuamkia, sasa nikugombeze.

Kweli nilisema uripoti. Nilikuwa nasema barua ya mtu usiyemjua, anakuambia umeshinda gari kwenye bahati nasibu ambayo hujacheza, anataka namba yako ya siri. Sikusema orodha ya masweta mliyoiomba wenyewe! Makampuni yale hayamjui mkweo, yanahesabu vidole tu. Kampuni kubwa ikiripotiwa na watu thelathini na wawili haisikii hata mwasho. Mwenye mashine moja stoo, hao wanatosha kumzika.

Kuhusu kukusoma, sitakudanganya. Mwenye mashine akitaka, anaweza. Kila anayekushikia barua, mkubwa au mdogo, una haki ya kumuuliza anaona nini. Lakini wewe hukuuliza, ulihukumu. Hebu niambie, ile barua ya mdogo wako nani aliiandika, wakati wewe huandiki? Uliisema wapi, na kwa sauti gani? Na huyo mdogo wako hana simu ya kumpigia binti yako, amuulize, "Mnamfanyia nini dada yangu?" Mimi ningeanza kushuku hapo, mashine ningeiweka ya mwisho. Tena mtu aliyeiba siri yako akaja kukutobolea dirisha, huyo ni mwizi gani, bibi, anavunja nyumba na kuacha zawadi?

Sasa fanya hivi. Mwambie mkweo mwenyewe. Usimtume binti, ana mzigo wake tayari. Sema, "Ni mimi, na sababu yangu ni hii." Halafu muulize swali lako usoni, akuoneshe kwa macho yako anachokiona akifungua barua za watu. Akikataa kukuonesha, niandikie, tutamshuku wote wawili. Jumamosi wakusanye wenzako na simu zao, waingie kwenye taka, waitoe kila orodha, wabonyeze kwamba hiyo si taka, na waijibu, hata neno moja, maana wakubwa wanaangalia barua ipi inajibiwa. Zahanati nako nenda mwenyewe, ukaeleze. Huenda isirudi. Jina linachafuka kwa siku moja, kulisafisha ni miezi. Akiamua kuondoka, aondoke akijua nani alimshtaki.

Haya yote nilitaka kukuambia faraghani. Nimepiga mara nne kwenye ile namba aliyoiweka mama wa duka, hukupokea. Najua, namba ngeni. Na mwezi unaisha keshokutwa, siwezi kungoja. Jina lako sijalitaja, lakini ni nyumba ngapi zina posta stoo na masweta sebuleni? Saa hii ama mkweo anasikiliza, ama ataambiwa kabla jua halijazama. Redio usiizime, bibi. Nyanyuka sasa hivi, nenda stoo, upige hodi kabla yeye hajaja kukuita.