Upande Wako wa Dimbila

Chikongola, Mtwara
3 Juni 2001

Binamu Zawadi,

Kama mnapumua huko Msimbati, na shangazi kifua hakimsumbui, basi nimeshapokea salamu. Mimi usiniulize hali, niulize bahati. Mwenzio nimebahatika mpaka naona haya! Nimepata baraza la duka hapa karibu na soko, nalaza mbao za dimbila letu juu ya vipande vya mgomba, nikigonga mbao mbili tatu tu watu wanasimama mpaka njia inaziba. Wenye mikokoteni wananitukana, hawana pa kupita. Juzi bwana mmoja wa bandarini, Elisha, mtu wa bara kabisa, kasimamisha gari akasema hajapata kusikia kitu kama hiki, na huyo katembea mpaka Zambia.

Kwa hiyo yale uliyomtuma Omari aniambie, eti nirudishe mbao, nimeyasikia nikacheka. Mji mzima ulie kwa ajili yako?

Binamu yako, mtu wa mjini sasa,
Ismaili


Msimbati
15 Juni 2001

Wewe Ismaili,

Mama kifua kinambana. Mimi mzima, na hasira zangu zimenona. Salamu zimeisha.

Dimbila lile babu alituchongea sote wawili, wewe ukae huku mimi kule, tufukuze ngedere kwenye mihogo. Ulisema unaazima mpaka korosho ziokotwe. Zimeokotwa, zimeuzwa, mikorosho inataka kuchanua tena! Sasa Mwanakombo wangu yuko ndani, mwali, na mwezi wa nane anatolewa unyagoni. Unataka mwanangu atoke kwa kupigiwa sufuria? Mimi nilitolewa kwa mbao zile zile.

Na kuna jambo linanishinda. Dimbila halipigwi na mtu mmoja. Upande wangu anapiga nani?

Binamu yako uliyemwachia mgomba mtupu,
Zawadi


Chikongola
1 Julai 2001

Binamu mkali,

Shangazi apate nafuu haraka. Mimi mzima, ila meno yananiuma kwa kuyasaga.

Upande wako naupiga kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo! Mikono inapiga upande wangu, mdomo unafanya ndi-ndi-ndi upande wako. Na wanaupenda.

Lakini leo, nasema leo tu, nimekasirika. Watu wa mji huu wana nini? Mwalimu anapita na madaftari kwapani. Mama anapita na ndoo. Karani anaitazama saa yake kana kwamba imemtukana. Wanakimbilia wapi? Mtwara hii ni mwisho wa barabara, mbele ni maji! Nimewapigia ule wimbo wa mvua ya kwanza, uliokuwa ukimliza babu, wakapita kama magogo yanayoelea Ruvuma. Kidogo nimrushie mtu fimbo ya kupigia. Masikio yao ni ya kushikia miwani tu.

Kesho watajaa tena, nawajua. Mbao sirudishi. Nirudi nazo ili wale waliosema sitafika mbali wacheke mpaka mapengo yao yaonekane? Hapana.

Binamu yako,
Ismaili


Msimbati
22 Julai 2001

Ismaili,

Mama sasa anakula uji na anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Wiki iliyopita alizidiwa, tukamleta hospitali hapo mjini. Nikaambiwa dawa yake pale haipo, nikaitafute madukani Chikongola, na nisichelewe. Nikakimbia. Nilikusikia kabla sijakuona.

Kisha nikakuona. Shati la kijani, macho umefumba, mdomo unafanya ndi-ndi-ndi upande wangu, na unaukosea! Pale pa kugeukia unawahi. Njia ilikuwa nyeupe. Aliyesimama ni mbuzi, naye alikuwa anatafuna mgomba uliolazia mbao.

Na mimi sikusimama. Umesikia? Mimi ninayezijua mbao zile moja moja nilikupita kwenda, nikakupita na kurudi, dawa mkononi, mama amelala kwenye benchi. Haya, niandikie tena habari za magogo. Andika kwamba masikio yangu ni ya kushikia miwani. Yule karani unajuaje alikuwa anakimbilia wapi?

Nililia njia nzima, na si kwa ajili ya mama. Kwa kukukasirikia wewe. Unakaa juani peke yako unapiga nusu ya ngoma kwa watu wasio na nafasi, na huku watu wazima wanaulizana nani atapiga siku ya Mwanakombo. Siku hiyo hakuna atakayekuwa na haraka hapa. Watasimama mpaka uchoke wewe.

Lete mbao.

Zawadi

(Lile neno la undugu nimelizuia kwanza.)


Chikongola
5 Agosti 2001

Binamu,

Shangazi kula uji ni habari kubwa kuliko zote, nimeisoma hiyo mara nyingi nikaziruka nyingine. Baadaye nikazisoma. Nikagombana na mwenye duka, nikagombana na muuza ndizi, nikamfukuza yule mbuzi mpaka karibu na Ufukoni. Nilikuwa natafuta wa kumkasirikia.

Umenipita mara mbili na macho nimeyafumba! Unajua kwa nini nayafumba? Nisiwaone wanavyopita.

Mbao nimezifunga kamba. Kesho zinapanda gari la Msimbati, na mimi juu yake. Mgomba kata wewe, uwe mbichi, wa huku umekwisha tumboni mwa mbuzi. Pale pa kugeukia utanifundisha upya na sitabisha. Nitabisha kidogo. Barua hii nitakupa mwenyewe mkononi, uisome nikiwa nimekupa mgongo, maana kwa mdomo itanishinda. Ukimaliza usiniulize kitu. Kaa upande wako, tuanze.

Binamu yako, hata kama umelizuia,
Ismaili

Ile bahati ya barua ya kwanza ni uongo. Elisha nimemtunga. Tangu nifike mji huu hajasimama mtu.