Mfiwa Aliyekula

Ijumaa

Mke wangu Rehema amekufa. Wamemzika leo asubuhi, mimi nikitazama kwenye simu hapa Doha.

Kisha nikala wali na wenzangu wa chumbani, sinia moja. Nikaona wanautazama mkono wangu.

Mmoja wao, Juma, huwa anatusimulia riwaya ya zamani ya Waingereza. Ina mfiwa anayekula sana siku ya mazishi ya mkewe. Mwandishi anamwita mume mwenye majonzi, halafu anatuonyesha mafuta kidevuni mwake. Juma hucheka sana hapo.

Leo hakucheka. Nikamwambia, "Mwandishi wako hajawahi kubeba saruji juani. Yule mtu alimpenda mkewe. Alikuwa na njaa tu."

"Haya, kaka," akasema, akanisogezea nyama.

Nikaila yote. Kesho narudi kazini.