Viwavi wa Moyoni na Sindano ya Ramadhani

Jumatano, kumi la kati la Ramadhani. Mchana kutwa Bagamoyo ilisinzia. Jua lilikaa juu ya mabati kama limesahau njia ya kwenda zake, na midomo ikakauka. Ilikuwa siku ya kuota ukiwa macho.

Tangu nimalize kidato cha nne nina mchana mrefu wa kuotea. Leo nimeota viwavi.

Si wale wa kwenye mlimau. Wa moyoni mwangu. Daktari wa kliniki ya moyo, dada mmoja anayeongea taratibu, aliwahi kunionyesha picha kwenye kompyuta yake. Alisema ni seli zinazoonekana kwa hadubini katika moyo ulioumizwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ulionipata utotoni baada ya kuumwa koo. Kiini cha seli hizo ukikitazama kwa urefu ni kiwavi kabisa, na vijiguu vyake. Kikikatwa kwa upana, kinakuwa jicho la bundi. Hata kwenye mioyo ya wanyama zimeonekana, na wataalamu bado wanabishana zinafanya nini mle.

Huenda zinaumiza. Huenda zinashona.

Siku hizi nikipita buchani nautazama moyo wa mbuzi mpaka muuzaji anauliza kama nataka nusu kilo.

Habari za bundi sijamwambia Bibi. Akijua kifuani mwangu kuna jicho la bundi, atafukiza ubani nyumba nzima.

Ninakaa naye kwa kuwa Mama yuko Msata kwenye biashara yake. Kila mwezi nachomwa penisilini ili ile homa isirudi, maana kila ikirudi inaharibu vali za moyo. Na Bibi anaamini sindano inabatilisha saumu. Ramadhani iliyopita aliniambia ningoje Idi ipite. Nikangoja, kwa sababu kubisha sijui. Baada ya Idi magoti yakavimba, nikawa nahema kwa kutoka kitandani hadi mlangoni tu. Daktari alisema moyo wangu haukurudi pale ulipokuwa.

Leo ilikuwa zamu ya sindano tena.

Asubuhi Bibi alinikuta nimeshavaa baibui. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akichambua mbaazi, kisha akaja na utani wake wa bibi na mjukuu.

“Mke mwenza, waenda wapi na saumu yako?”

Nikasema kliniki. Akasema Idi haiko mbali, mponyaji ni Mungu, na kwamba sisi watoto wa sasa tuna haraka kama tumeitwa. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Kwa kawaida hapo ndipo huwa navua baibui.

Sikuvua.

“Bibi, kama inabatilisha, nitailipa siku hiyo baada ya Idi, kama tunavyolipa zile za hedhi. Moyo ukiharibika nitaulipaje?”

Sauti ilitoka nyembamba, nusura niirudishe. Mkono wa Bibi ukasimama kwenye ungo.

“Leo mke mwenza kaota mdomo,” akasema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Hakuniruhusu. Hakunikataza.

Nilikwenda. Dawa ile ni nzito, inaingia nyongani polepole kama haitaki. Nikarudi nachechemea, nikajilaza kwenye mkeka, nikausikiliza moyo ukienda na kujikwaa, ukienda na kujikwaa. Sikula, sikunywa. Hata jikoni alimokuwa Bibi niliogopa kuingia.

Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa tumekaa kwenye futari. Kwetu mkubwa hutangulia, wadogo hufuata. Bibi akachukua tende, akaishika, kisha akaninyooshea mimi.

“Haya, mfungaji. Fungua.”

Nikaila polepole, nikabaki na kokwa mdomoni.

Sasa anajitanda khanga aende tarawehe, nami nimebaki na nyonga inayouma. Maneno mengine mangapi nimeyameza miaka yote hii, nikidhani ndiyo adabu?