Eti Marashi Anadeka

Alkhamisi, Maskat

Eti anadeka. Ami, mwenye farasi, kaniambia hivyo leo bandani, na Marashi kasimama kanyanyua mguu wa mbele, hataki kuukanyagia.

"Mpige sindano ya maumivu, mwanangu. Kesho akimbie mashindanoni, kisha apumzike."

"Ami, wanaodeka ni watoto. Farasi huficha maumivu mpaka mfupa uvunjike. Mimi ndiye daktari wake, na sindano hiyo sipigi."

"Basi nitaita daktari mwengine."

Amwite. Nna khofu ya kufukuzwa kazi, sikatai. Lakini huyo daktari hatomkuta mgonjwa. Nimemfunga bendeji, nikampakia kwenye gari la kubebea farasi, nikamleta kwetu Sidab.

Mama kanigombeza kwa kumvunjia ami yangu heshima. Kisha akatoka uani na sahani ya tende, akamlisha Marashi mkononi, moja moja.

Sasa ndiyo anadeka.