Hakumshukuru Mfalme

Mama,

Nina hasira, na hasira zangu nimezoea kuzileta kwako. Ulikuwa ukiniambia, "Kunywa uji kwanza, ndipo ugombane." Nimekunywa. Sasa nagombana.

Juzi wageni wa makumbusho walikuja ukumbi wa usharika hapa Ipogolo na filamu fupi za Vita Kuu ya Pili, zilizopigwa kule Bama, yaani Burma, ili watu wa nyumbani waone askari wao wanavyoishi. Katika ya tatu, Mama, akatokea baba yako. Pengo lile la juu ni lako, na anacheka kwa upande mmoja wa mdomo kama wewe. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Alikuacha tumboni mwa bibi. Ukakua ukiambiwa na baba zako wadogo kwamba alinogewa huko, akaoa, akawasahau. Umelibeba neno hilo miaka themanini na ushei, ukafa nalo miezi minne tu kabla filamu haijafika! Hilo nitamlalamikia Mungu mwenyewe.

Sauti yake haisikiki. Kuna Mzungu anasimulia juu yake, anasema askari huyu anamshukuru Mfalme. Mwongo mkubwa. Nikaomba wazime sauti, warudie. Midomo yake ikafunguka, ikafumbana, ikafunguka tena, na mabibi wawili wa benchi la mbele wakaitikia kabla sijasema kitu: "Kamwene!" Ukumbi mzima ukafuata, hata mchungaji. Mama, nani anamsalimu Mfalme kwa Kihehe? Alikuwa anasalimia kwao.

Wageni wanataka kuandika chini ya picha maneno ya yule Mzungu, wakaniletea karatasi nisaini kama ndugu. Eti ushahidi wangu uko wapi. Nikawaambia si mmeusikia ukiitikiwa? Sikusaini. Sisaini mpaka waandike: askari wa Iringa akiwasalimu wa kwao.

Kwa nini hakurudi, sijui, na sitakudanganya. Lakini aliyesahau kwao hasalimii.

Jumapili nakwenda Nyololo kwa wajomba, filamu ninayo kwenye simu. Nakuahidi watatazama wote, hata wanaojifanya hawaoni, na watalifuta neno la baba zao kwa midomo yao.

Kwaheri, mama yangu. Salamu ya baba yako imekuja umeshalala, nimeiitikia mimi kwa niaba yako, kwa sauti ambayo ungeniambia niipunguze. Sikuipunguza. Pumzika. Hukusahauliwa.